Laiti ya Kweli na Laiti ya Uongo: Kwa Nini Gemu za Rogulaiti Hazitoki Mkononi

Tangu Aprili 2025, bodi ya serikali iliyokuwa ikisimamia kamari Kenya ilipositisha matangazo ya kamari nchini kwa siku 30, barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, kila kijana aliyeinamia simu amekuwa mcheza kamari. Awe anasoma ujumbe wa mamake, awe anatazama mpira, hukumu ni moja: "Anabeti huyo." Juzi hukumu hiyo ilimwangukia mpwa wangu, kijana wa miaka 16. Alikuwa ameketi mwisho wa baraza, mgongo ukutani, vidole gumba vikipiga kioo cha simu kama mtu anayechambua mchele na wageni washaingia. Kila baada ya dakika chache anajipiga paja: "Aah! Laiti ningeruka!" Mkono haujatoka pajani, keshaanza tena.

"Umeliwa ngapi, mjukuu wangu?" mzee mmoja akamuuliza.

"Sijaliwa kitu, babu. Nimekufa tu."

Baraza zima likacheka. Mamake, ambaye ni dadangu, alikuwa akipita na kikapu chake kutoka sokoni, naye hakucheka. Baada ya Isha akanijia nyumbani. "Kakangu, wewe ndiye ujuaye mambo haya ya kompyuta. Kama si kamari, mbona haachi? Na mbona kila nikimtazama anashindwa? Kuna mtu apendaye kushindwa?"

Nilimwambia anipe muda nimjibu kwa urefu. Jibu lenyewe ni hili, na nimeliandika kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza.

Jina kwanza

Gemu aliyokuwa akiicheza mpwa wangu ni Dead Cells, kazi ya kampuni ndogo ya mjini Bordeaux, Ufaransa, iitwayo Motion Twin. Ilitoka rasmi mwaka 2018, na baadaye ikaingia kwenye simu. Aina yake huitwa rogulaiti.

Nusu ya kwanza ya jina hilo inatokana na gemu ya kale iitwayo Rogue, iliyotungwa mwaka 1980 na vijana wa Chuo Kikuu cha California, Michael Toy na Glenn Wichman, kisha Ken Arnold akatia mkono wake. Kompyuta walizotumia hazikuwa na picha za kujivunia, basi walichora kwa herufi. Shujaa alikuwa alama ya @. Mazimwi yalikuwa herufi kubwa, A hadi Z. Unashuka shimoni ghorofa baada ya ghorofa kutafuta hirizi, na herufi ya T inakufuata gizani. Vijana wa leo wakiiona hucheka, lakini watu walikesha nayo.

Rogue ilileta mambo mawili. La kwanza, shimo lilipangwa upya kila ulipoanza, hata watungaji wenyewe wangeweza kucheza gemu yao bila kujua kilichoko nyuma ya mlango. La pili, ukifa umekufa. Uliweza kuhifadhi mchezo ukaenda kulala, lakini ulipoufungua kesho yake lile faili lilifutwa papo hapo, usije ukalitumia kufufukia.

Gemu zilizofuata nyayo hizo ziliitwa rogulaiki, yaani mfano wa Rogue. Mwaka 2008 mashabiki walikutana Berlin wakaandika masharti ya ipi iitwe hivyo na ipi isiitwe. Ni mabishano yale yale ya pilau: ukitia nyanya, bado ni pilau? Nimewaachia wenyewe.

Rogulaiti ni dada mdogo. "Laiti" ya Kiingereza ni nyepesi: ukifa unarudi mwanzo kama kawaida, ila hurudi mikono mitupu. Kuna kitu unabaki nacho. Jina hili lilishika mwaka 2013 kwa gemu iitwayo Rogue Legacy. Humo, ukifa, mtoto wako anarithi dhahabu yako na upanga wako, na watoto wenyewe ni wa kila namna: mmoja jitu, mmoja mbilikimo, mmoja haoni rangi na dunia yake yote ni nyeupe na nyeusi. Kabla hajaingia ngomeni, yuko mtu mlangoni anayechukua kila sarafu iliyobaki, kwa hiyo mirathi lazima yatumiwe yote kabla ya kutoka. Nadhani kuna familia hapa Lamu zingenufaika na mlinzi kama yule.

Kwetu sisi lakini, laiti ni neno jingine kabisa. Ni neno la majuto: laiti ningalijua, laiti ningalimsikiliza mama. Na kadiri ninavyofikiri, naona sadfa hiyo inazieleza gemu hizi kuliko maana yake ya Kizungu. Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Mji uliopangwa usiku

Watu wakisikia kompyuta inapanga njia upya kila mara, hudhani ni vurugu tupu, kurusha sarafu. Hapo ndipo uvumi wa kwanza unapozaliwa, kwamba gemu hizi ni bahati tu.

Fikiria Lamu yetu. Nyumba zote zipo, misikiti ipo, ngome ipo pale pale Mkunguni. Lakini usiku mmoja vichochoro vinachanganywa. Ukiamka, kichochoro kilichokuwa kikikutoa Riyadha sasa kinakutoa ufukweni, Usita wa Mui umepinda, na mwuza mahamri wako yuko Mkomani. Kuta unazijua. Milango ya kuchonga unaitambua mmoja mmoja. Punda naye bado anakuja na mizigo bila breki, na dawa yake ni ile ile: bandika mgongo ukutani, apite. Usichojua ni kipi kinafuata kipi.

Ndivyo gemu hizi zilivyo. Vyumba vyenyewe kwa kawaida hutengenezwa na watu, kwa mkono, kimoja kimoja. Kazi ya mashine ni kuvipanga. Katika Spelunky, gemu ambayo Derek Yu aliitoa bure mwaka 2008, kila ngazi ni vyumba 16, vinne kwa vinne. Kompyuta kwanza inachora njia moja inayopitika kwa hakika kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea, kisha ndiyo inajaza vyumba vilivyobaki. Bahati inaruhusiwa kucheza, lakini ndani ya ua.

Ndiyo maana kukariri hakusaidii. Mtu aliyezoea gemu za zamani, zile za kujua kwamba baada ya bomba la tatu kuna shimo, hupotea hapa siku ya kwanza. Unachojifunza ni tabia ya punda, na hiyo inakufaa kila kichochoro. Mwenye kuijua hufika mbali hata siku aliyopewa silaha mbovu. Asiyeijua hufa na upanga wa dhahabu mkononi.

Safari moja, tangu kuanza hadi kufa au kushinda, vijana huiita ran. Mimi nitaiita safari, kwa kuwa ndivyo wavuvi wetu wanavyoiita yao, na kwa sababu inafanana: bahari ni ile ile, maji na upepo wa leo si wa jana.

Dadangu na soko la Mkunguni

Sehemu hii ndiyo iliyomfanya dadangu aweke kikombe chini.

Katika rogulaiti huanzi na silaha kali. Unaanza na kisu butu, na njiani unapewa vitu, mara nyingi vitatu kwa pamoja, uchague kimoja. Mfano mzuri ni Hades, ya kampuni ya Supergiant Games ya Marekani, iliyokamilika mwaka 2020. Mhusika wake ni Zagreus, mwana wa mungu wa wafu katika ngano za Wagiriki, anayejaribu kutoroka nyumba ya babake chini ya ardhi. Jamaa zake walioko juu humtumia zawadi njiani: huyu radi, yule mawimbi, yule ulevi. Kila zawadi ina sura tatu, chukua moja.

Nikamuuliza dadangu, "Wewe ukitoka hapa asubuhi kwenda sokoni, ushajua utapika nini?"

"Nitajuaje, na mashua hazijarudi?"

"Ukikuta changu?"

"Nampaka."

"Ukikuta pweza tu?"

"Nazi zaidi, na ndimu. Lakini kama embe mbichi ziko, ndimu ya nini?"

"Basi mwanao naye anapika."

Alinitazama kama nimemtukana, kisha nikaona limeingia. Kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kupika kwa kufuata karatasi. Anatazama kilichopo, anachagua cha kwanza, na hicho cha kwanza kinaamua cha pili. Katika Dead Cells kuna upanga unaowamwagia maadui mafuta. Wenyewe si kitu. Kuna silaha nyingine ya moto, nayo peke yake ni ya kawaida. Ukivipata vyote viwili katika safari moja, chumba kizima kinawaka. Mpwa wangu akipata ule wa mafuta mapema, safari yote iliyobaki anatafuta kiberiti, na anaacha silaha ambazo siku nyingine angezipigania. Asipokipata kiberiti, anageuza mapishi. Kuna raha hapo ambayo mtazamaji wa pembeni haioni kabisa, kwa sababu anachoona yeye ni mtu anapiga panga.

Kasi

Rogue ya 1980 ilikuwa mchezo wa subira. Ukipiga hatua moja, zimwi nalo linapiga hatua moja. Usipogusa kitu, dunia yote inasimama. Unaweza kunywa chai, ukasali, ukarudi. Ni kama bao: hakuna anayekuharakisha ila watazamaji wenye midomo.

Rogulaiti za mapigano hazisubiri, na hapa ndipo wazee wanapopotea zaidi, maana kasi kwa mbali inaonekana kama fujo. Niliamua kukaa kando ya kijana nitazame vizuri.

Adui anasimama. Juu ya kichwa chake inawaka alama ya mshangao, ya manjano, muda wa nusu pumzi. Kisha pigo. Katika ile nusu pumzi kijana anabingirika na kupita kati ya miguu ya adui, anatokea mgongoni, anachoma mara mbili, na keshaondoka. Mara ya kwanza sikuiona alama ile kabisa. "Mjomba, usitazame panga. Tazama kichwa," akaniambia, na akanipa simu. Mara ya tatu niliiona, nimechelewa. Mara ya tano nilibingirika kabla haijatokea, nikaingia mwenyewe penye panga. Nilikufa mara saba kabla ya adhana ya Maghrib. Mara ya nane kidole kilikwenda chenyewe. Sikuamua. Nilishtukia niko mgongoni kwa adui, hai, na nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Aliyewahi kupanda mashua na mabaharia wetu anajua jambo hili. Tanga linapogeuzwa, mgeni ndiye anayepigwa. Baharia keshainama kabla hajasikia amri. Hakuzaliwa hivyo. Alipigwa vya kutosha. Kinachofanywa na gemu ni kufupisha muda. Baharini unageuza tanga mara kadhaa kwa siku. Kwenye simu, alama ile ya manjano inakujia mara kumi kwa dakika, na kati ya kosa na kujaribu tena hakuna hata sekunde tano. Mkono unajifunza haraka kuliko ulivyozoea kujifunza, na mtu anahisi anavyojifunza. Hisia hiyo ni adimu. Shuleni unasubiri matokeo muhula mzima.

Jambo la pili kuhusu kasi ni dogo lakini la kweli: mikono ikijaa, kichwa kinanyamaza. Dead Cells ina milango yenye saa, ukichelewa imefungwa, kwa hiyo hata kusimama kuwaza kuna gharama. Siku ya mawazo mengi, huo ni usingizi wa aina yake.

Si lazima vidole viwe vya umeme lakini. Vampire Survivors, ya Luca Galante, Mwitaliano anayeishi Uingereza, unaicheza kwa kidole kimoja. Wewe unatembea tu. Silaha zinajipiga zenyewe. Unaanza na popo wachache, na kufikia dakika ya 30 skrini haina nafasi ya kuweka sindano. Iliuzwa chini ya dola 5, na mwaka 2023 ikachukua tuzo ya Uingereza iitwayo BAFTA ya gemu bora, mbele ya gemu zilizogharimu mamilioni. Na Hades ina njia ya wasio na haraka: ukiiwasha, unapunguziwa asilimia 20 ya maumivu, na kila ukifa inaongezwa asilimia 2, hadi 80. Mimi naitumia, na sioni aibu.

Basi baraza limekosea?

Si kabisa. Galante huyo huyo, kabla ya gemu yake, aliwahi kuandika programu kwa kampuni za kamari. Ukiona sanduku la hazina linavyofunguka humo, taa zikizunguka, muziki ukipanda, vitu vikimiminika, huhitaji kuambiwa ufundi ule umetoka wapi. Mzee aliyemuuliza mpwa wangu ameliwa ngapi aliona kitu halisi: kijana anapoteza, anafoka, anarudia. Kwa macho, ni kamari.

Wala si wazee wa Langoni peke yao wanaochanganyikiwa. Mwaka 2024 ilitoka Balatro, rogulaiti ya karata inayotumia mikono ya poka. Hakuna pesa halisi inayowekwa wala kuliwa humo. Hata hivyo bodi ya Ulaya inayopanga umri wa wachezaji, PEGI, iliiweka kwenye 18, na Februari 2025, baada ya rufaa, ikaishusha hadi 12.

Tofauti iko wapi basi? Hapa narudi kwenye lile neno.

Ichukue kamari ya kindege inayowala vijana wetu. Ndege inapaa, namba inapanda pamoja nayo, mara 1.2, mara 2, mara 5, na kazi yako ni kutoa pesa kabla haijatoweka. Aliyechelewa anajipiga paja: "Laiti ningetoa mapema!" Kilio ni kile kile cha mpwa wangu, neno kwa neno. Sasa muulize: raundi ijayo, laiti yako itakufaa nini? Haitakufaa kitu. Wakati wa kutoweka hutolewa kwa namba za kubahatisha, kila raundi kivyake, na asilimia ya mwenye kamari imeshawekwa ndani ya hesabu. Tazama raundi elfu moja, andika daftari zima, raundi ya elfu na moja huijui zaidi ya mtoto wa leo. Ile ni laiti ya uongo. Inakupa hisia ya kujifunza bila somo.

"Laiti ningeruka" ya mpwa wangu ni ya kweli. Adui ni yule yule, alama ni ile ile, na akiruka kweli panga linapita chini. Majuto ni mjukuu, wamesema wazee, huja mwisho. Katika rogulaiti huja na kitufe cha kuanza tena kando yake. Kosa lako linakwambia ulikosea wapi, na papo hapo unapewa nafasi ya kulisahihisha. Dada, hili ndilo jibu la swali lako. Mwanao hapendi kushindwa. Anapenda kushindwa kunakomwachia kitu mkononi, na katika maisha ya kijana wa miaka 16 hakuna mahali pengi panapompa hicho.

Hata kukosa kidogo si kumoja. Mashine ya kamari ikikuletea picha mbili sawa na ya tatu ikasimama pembeni, hukukaribia chochote. Ulikuwa mbali sawasawa na aliyepata picha tatu tofauti. Lakini adui mkubwa wa daraja la kwanza katika Dead Cells akibakiwa na tone la uhai ndipo akakuua, ulikuwa umekaribia kweli. Jana alibakiwa na nusu.

Nayo pesa, bila shaka. Dead Cells yenyewe hununuliwa mara moja, na nyongeza zake za kulipia si lazima. Kufa mara mia hakuongezi shilingi. Kuna hasara, ila ni ya humo humo: kuna viini unavyookota njiani ambavyo hupaswa kumfikishia mtu anayekaa kati ya eneo na eneo, na ukifa kabla hujamfikia vimezama, kama samaki wa mashua iliyopinduka ikiona taa za mji.

Maneno makubwa

Kila mjadala wa aina hii lazima atokee mtu aseme dopamini. Husemwa kwamba ni homoni ya raha na gemu zinawajaza watoto. Majaribio ya mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz kwa nyani, yaliyojulikana sana miaka ya 1990, yalionyesha jambo jingine. Nyani wakipewa maji ya matunda bila kutarajia, chembe za dopamini ziliwaka. Walipoizoea ishara inayotangulia maji hayo, ziliwaka kwa ishara, si kwa maji. Na maji yasipokuja kwa wakati wake, zilinyamaza kuliko kawaida. Kwa hiyo dopamini inahusu kutarajia na kushtukizwa, kujifunza kipi kinaleta kipi. Inawaka kwa mvuvi anayesikia mshipi ukivutwa. Kulitaja neno hilo hakutuambii kama kitu ni kibaya.

Ugonjwa wa gemu upo. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini soma masharti: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya kila kitu, anaendelea ingawa madhara yanaonekana, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12 au zaidi. Kijana anayepiga kelele barazani, kisha akaenda msikitini na kesho akaamka kwenda shule, hayumo.

Ninachohofia mimi ni kingine. Nyingi za gemu hizi kwenye simu ni za bure, na bure ina bei. Utakuta zinakuwekea nguvu inayokwisha baada ya safari kadhaa, ununue nyingine au usubiri. Utakuta masanduku ya kulipia ambayo hujui yana nini. Unakufa, na kabla hujasema laiti, dirisha linafunguka: lipa ufufuke. Hapo laiti yenyewe imegeuzwa bidhaa. Mimi niliwahi kulipa shilingi 150 nifufuke katika gemu moja ambayo jina lake nalihifadhi, nikafa tena dakika hiyo hiyo, kwa adui yule yule, kwa kosa lile lile. Nilikuwa nimenunua nafasi ya kutojifunza. Nikilazimika kumpa mzazi swali moja la kuuliza, ni hili: mwanao akifa humo, anachorudi nacho ni ujuzi, au ni ankara?

Zipo pia zinazokosea kwa kukupa mno. Kila ukifa unaongezewa nguvu, uhai, upanga, mpaka siku unashinda kwa kuwa umevimba tu. Hizo huniacha na njaa. Hades inakwepa mtego huo kwa ujanja: ukifa unaibuka kwenye dimbwi la damu nyumbani kwa babako, na watu wa nyumba wanakuongelesha kuhusu ulivyouawa. Mmoja anakusuta, mmoja anakupa pole, mmoja kalala. Hadithi inasonga mbele kwa kufa kwako, na kuna siku utajikuta unataka kufa ili urudi kusikia kilichoendelea.

Wakati wa kuzima

Limebaki la nyumbani. Mpira una dakika 90. Rogulaiti ina safari fupi, nusu saa hivi, lakini safari inayofuata iko karibu mno, na kijana akiambiwa zima katikati atasema, "Mama, nikizima napoteza yote." Mpwa wangu aliutumia usemi huo mwaka mzima. Nasikitika kumvunjia biashara: Dead Cells hujihifadhi ukitoka, na ukirudi unaendelea pale pale. Hades hujihifadhi mlangoni mwa kila chumba. Zima tu.

Hata hivyo ni uungwana kuachia mtu amalize safari, kama unavyomwachia mcheza bao amalize mkono wake. Dadangu na mwanawe walikubaliana mbele yangu: safari moja kila siku baada ya Alasiri, na simu iwe juu ya kabati kabla ya Maghrib. Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tatu kijana alikufa kabla ya dakika mbili kutimia, akataka nyingine. Mamake akasema safari ni safari. Naye akajibu, "Mama, mvuvi akikwama hapo Mkunguni, utasema ameenda bahari?"

Wameleta kesi kwangu. Nimewaambia wanipe mpaka Ijumaa.